Simu imekutafsiria tangazo? Angalia haya kabla ya kulifuata

Saa tatu usiku ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Ni picha ya tangazo la Kiingereza: nembo juu, aya nne, tarehe, na kiungo cha kubonyeza. Mtu anauliza, "Wanasema nini hapo?" Kijana mmoja anapitisha ile picha kwenye programu ya kutafsiri, na baada ya nusu dakika anabandika Kiswahili chake. Kufikia asubuhi Kiswahili hicho kimeshafika kwenye makundi kumi, bila ile picha ya kwanza. Kuna mama ameshakopa pesa za kwenda mjini kupiga picha za pasipoti.

Hali hii inajulikana Nakivale, Kyaka II, Kyangwali na Rwamwanja, na wenyeji wanaoishi jirani na makazi haya pia wanaijua. Zamani mtu aliyepata karatasi ya Kiingereza alilazimika kumtafuta mwalimu, mchungaji au mkalimani amsomee. Leo simu inasoma picha, inatafsiri sauti, na inamsomea kwa sauti mtu asiyejua kusoma au mwenye macho dhaifu. Huo ni msaada mkubwa, na hakuna sababu ya kuuogopa. Lakini umekuja na makosa ya aina yake, na katika makazi ya wakimbizi kosa dogo la tafsiri linaweza kumkosesha mtu siku ya uhakiki, kumpotezea nafasi ya masomo, au kumpeleka mikononi mwa matapeli.

Makala hii inaeleza jinsi programu hizi zinavyofanya kazi, mahali zinapokosea mara nyingi, na namna ya kutafuta na kupima habari kwenye intaneti. Ukishika jambo moja tu, liwe hili: tafsiri inakujibu swali la "limeandikwa nini?" Haijibu swali la "ni kweli?" Kila swali lina njia yake, na unahitaji majibu yote mawili kabla ya kuchukua hatua.

Mashine ilijifunzaje Kiswahili?

Programu ya kutafsiri haikufundishwa sarufi darasani. Ilipewa maandishi mengi sana ambayo tayari yapo katika lugha mbili, kama habari, vitabu vya dini, nyaraka za serikali na za mashirika, kisha ikajifunza ni maneno gani huenda pamoja. Unapoiwekea sentensi mpya, inakisia tafsiri inayoelekea kuwa sahihi zaidi kulingana na yale iliyowahi kuona. Haijui wewe ni nani, uko wapi, wala tangazo linakuhusu vipi.

Kwa hiyo lugha yenye maandishi mengi hutafsiriwa vizuri kuliko lugha yenye maandishi machache. Kiswahili kiliingia katika Google Translate mwaka 2009. Kinyarwanda kilisubiri hadi 2020, Lingala na Kiganda hadi 2022, na Kirundi hadi 2024. Mwaka 2022 kampuni ya Meta nayo ilitoa mfumo wa kutafsiri lugha 200, zikiwemo Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Lingala na Kiluba cha Kasai. Hata hivyo, lugha nyingi ambazo watu huzungumza nyumbani bado zina maandishi machache mno, na mashine ama haizijui kabisa au inazijua nusu nusu.

Kiswahili chenyewe hakiko kimoja. Kile ambacho mashine imesoma kwa wingi ni cha magazeti na vitabu vya Tanzania na Kenya. Kiswahili kinachosemwa Bukavu, Uvira, Fizi au Bunia huandikwa kwa nadra. Chukua neno "muganga". Kwa Mkongo, muganga ni daktari wa hospitali. Katika maandishi ya Afrika Mashariki, mganga mara nyingi ni mtu wa dawa za kienyeji. Ukiandika "nilienda kwa muganga akanipa karatasi", mashine inaweza kukutolea Kiingereza kinachosema kwamba ulienda kwa mganga wa kienyeji. Vivyo hivyo "masomo": Mkongo akisema watoto wako masomo, anamaanisha wako shuleni, ilhali mashine itaandika habari za vipindi au mafunzo.

Mahali tafsiri inapokosea mara nyingi

Hapa chini ni makosa ambayo yanastahili kuangaliwa kila mara, kwa sababu yanagusa siku, haki na fedha.

Saa. Tangazo la Kiingereza linasema uhakiki unaanza 8:00 am. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa mbili asubuhi. Mashine mara nyingi huandika "saa 8:00 asubuhi". Msomaji anajua kwamba saa nane haiko asubuhi, basi anadhani ni saa nane mchana, na anafika saa sita baadaye wakati foleni imeshafungwa. Ukiona saa kwenye tafsiri, rudi kwenye maandishi ya Kiingereza uangalie namba na alama: am ni kuanzia usiku wa manane hadi kabla ya adhuhuri, pm ni kuanzia adhuhuri hadi kabla ya usiku wa manane. Ongeza au punguza saa sita kupata saa ya Kiswahili. Unapowatumia wengine, andika kwa njia zote mbili: "saa mbili asubuhi, yaani 8:00 am".

Maelekezo ya dawa yana mtego kama huo. "Kila saa 8" inaweza kusomeka kama "kila inapofika saa nane", wakati lebo inamaanisha kila baada ya muda wa saa nane, mara tatu kwa siku. Kwa dawa usitegemee simu. Muulize mhudumu wa kituo cha afya au VHT wa kijiji chako.

Tarehe. 03/04/2026 kwa mwandiko wa Uganda ni tarehe 3 mwezi wa nne. Kwa mwandiko wa Marekani ni tarehe 4 mwezi wa tatu. Programu haiwezi kukuambia mwandishi alifuata utaratibu upi. Tafuta mahali pengine kwenye tangazo ambapo mwezi umeandikwa kwa jina, au uliza.

Mwisho wa kutuma. Kiingereza kikisema "by 15 March", maana yake ni kabla tarehe 15 haijapita. Ukisubiri hadi tarehe 16, umechelewa. Tafsiri ikiandika tu "tarehe 15 Machi" au "ifikapo tarehe 15 Machi", wengine wanaelewa kwamba hiyo ndiyo siku ya kwenda, au siku ambayo jambo litaanza.

Ahadi na uwezekano. Neno la Kiingereza "may" katika matangazo ya mashirika lina maana ya "huenda". "You may be contacted" ni "huenda ukapigiwa simu". Tafsiri ikilegea ikawa "utapigiwa simu", uwezekano umegeuka ahadi, na mtu anaacha kazi ya shamba akae karibu na mtandao wiki nzima. Jihadhari pia na sentensi zenye "isipokuwa", "mpaka", "bila" na "si". Neno moja likianguka, sheria nzima inageuka.

Maneno ya kazi za wakimbizi. Neno "resettlement" hutafsiriwa mara nyingi kuwa "makazi mapya". Kwa mtu anayeishi Nakivale, makazi ndiyo hapa anapoishi, kwa hiyo anaweza kudhani atapewa kiwanja kingine. Maana yake hasa ni kuhamishiwa nchi nyingine itakayokupokea kwa kudumu. "Nchi ya tatu" nayo haihusiani na "dunia ya tatu". Ya kwanza ni nchi uliyoikimbia, ya pili ni iliyokupokea, na ya tatu ni nyingine yoyote itakayokubali kukuchukua. Na "repatriation" ni kurudi nchi yako ya asili. Mtu akichanganya la kwanza na hili la mwisho, anaweza kutia saini jambo ambalo hakulitaka.

Majina ya watu na mahali. Majina yetu mengi ni maneno ya kawaida: Furaha, Amani, Neema, Bahati, Riziki. Mashine inaweza kuyatafsiri kana kwamba si majina, na "Furaha alibaki nyuma" ikawa habari ya shangwe iliyobaki nyuma. Mtu aliyetoka mji wa Baraka, katika eneo la Fizi, anaweza kujikuta ameandikiwa kwamba alitoka kwenye neema za Mungu. Anza majina kwa herufi kubwa, kisha hakikisha yamebaki yalivyo baada ya kutafsiriwa.

Undugu. Baba mdogo, mama mkubwa, shemeji, ndugu: maneno haya hayana mwenza mmoja katika Kiingereza. "Ndugu yangu" inaweza kutoka kama kaka wa tumbo moja, hata kama ulimaanisha mtoto wa baba mdogo. Tena Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika "yeye" au "alikimbia", wakati Kiingereza hulazimika kuchagua. Mashine isipojua, inakisia. Mke wako anaweza kugeuzwa mwanamume kuanzia sentensi ya pili.

Jinsi ya kupata tafsiri iliyo bora zaidi

Huwezi kuirekebisha mashine, lakini unaweza kuisaidia.

Andika sentensi fupi. Sentensi moja ibebe jambo moja. Badala ya "tulipofika kule wakatuambia turudi kesho na barua ya mwenyekiti ambayo alikuwa hajaisaini", andika tatu: Tulifika. Walituambia turudi kesho na barua ya mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa hajaisaini.

Taja mtu kwa jina au cheo badala ya kurudia "yeye". Andika "mtoto wa baba yangu mdogo" badala ya "ndugu". Tumia "daktari" badala ya "muganga" pale unapotaka mashine ielewe.

Rudisha tafsiri nyuma. Ukishapata Kiingereza, kinakili, kisha iambie programu ikirudishe katika Kiswahili. Kinachorudi kikiwa tofauti na ulichoandika, kuna kitu kimepotea njiani. Kikirudi sawa, bado si uthibitisho kamili, ila makosa makubwa yatakuwa yameonekana.

Kama unasoma Kifaransa vizuri, tafsiri Kiingereza kwenda Kifaransa pia, ulinganishe na Kiswahili. Kati ya Kiingereza na Kifaransa mashine imeona maandishi mengi zaidi, hivyo mara nyingi hutoa kazi bora. Mahali ambapo tafsiri mbili zinapingana ndipo pa kuulizia.

Kwa wenye bando dogo: programu ya Google Translate inakuruhusu kupakua baadhi ya lugha, Kiswahili kikiwemo, ili uzitumie bila intaneti. Fanya hivyo mahali penye Wi-Fi. Tafsiri ya bila mtandao huwa dhaifu kidogo kuliko ile ya mtandaoni, lakini inatosha kujua tangazo linahusu nini.

Kutafuta kwenye intaneti: lugha unayotafutia inaamua unachopata

Unapoandika maneno kwenye Google, haitafuti dunia nzima dakika ile. Inatafuta ndani ya orodha ya kurasa ambazo ilikwisha kuzipitia, na inaleta zile zenye maneno yanayofanana na yako. Ukiandika Kiswahili, unapewa zaidi kurasa za Kiswahili, na hizo ni chache sana ukilinganisha na za Kiingereza. Ndiyo maana mtu anaweza kutafuta "ufadhili wa masomo kwa wakimbizi" akapata habari za zamani au za nchi nyingine, halafu akakata tamaa akidhani nafasi hazipo.

Nafasi za kweli zipo. Programu ya DAFI, inayoungwa mkono na Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR, imekuwa ikilipia wakimbizi masomo ya chuo kikuu tangu 1992. WUSC ya Kanada imekuwa ikidhamini wanafunzi wakimbizi tangu 1978. Matangazo ya namna hii kwa kawaida hutoka kwa Kiingereza, na yana tarehe ya mwisho.

Fanya hivi. Kwanza, tafsiri maneno unayotafuta kwenda Kiingereza au Kifaransa, utafute kwa lugha zote. Pili, ongeza jina la nchi na mwaka: "Uganda 2026". Bila mwaka, tangazo lililofungwa miaka mitano iliyopita linaweza kutokea la kwanza. Tatu, tafuta ndani ya tovuti ya shirika lenyewe. Ukiandika site:unhcr.org kisha nafasi kidogo na maneno yako, Google italeta kurasa za UNHCR peke yake. Nne, ukifungua ukurasa, tafuta tarehe yake kabla hujasoma kingine. Mwisho, tumia uwezo wa simu wa kutafsiri ukurasa mzima. Kwenye Chrome, gusa nukta tatu juu, utaona sehemu ya kutafsiri.

Kuna jambo jipya la kuangalia. Programu za akili bandia kama ChatGPT, na muhtasari ambao siku hizi hutokea juu ya majibu ya Google, hutoa jibu moja lililonyooka, kwa Kiswahili kinachopendeza. Mifumo hii huunganisha maneno yanayoelekea kufuatana. Ikikosa habari, inaweza kubuni namba ya simu, tarehe au sheria, na sauti yake haibadiliki: inaongea kwa uhakika uleule. Itumie kukueleza neno gumu au kufupisha barua ndefu. Ikikutajia tarehe, ofisi au sharti, usilichukue mpaka umeliona kwenye ukurasa wa ofisi husika.

Kiswahili kizuri si uthibitisho

Kwa miaka mingi tuliwaambia watu: ukiona Kiswahili kibovu kwenye tangazo, shuku. Ushauri huo umepitwa na wakati. Tapeli aliye mbali, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, sasa anaweza kuandika ujumbe safi kwa dakika moja. Na tangazo la kweli la ofisi linaweza kukufikia kwa Kiswahili kilichopinda kwa sababu jirani yako alilipitisha kwenye simu. Uzuri wa lugha haukuambii tena nani amesema kweli.

Basi pima kwa mambo mengine.

Pesa. Huduma zote za UNHCR na washirika wake ni bure: usajili, uhakiki, usaili, kuhamishiwa nchi ya tatu. Hakuna ada ya fomu, ya "kufungua faili" wala ya "kusukuma kesi". Ujumbe wowote unaodai pesa kwa huduma hizi ni wa wizi, hata kama una nembo na jina la ofisa.

Njia. Mtu haombi kuhamishiwa nchi ya tatu kwa kubonyeza kiungo kilichotumwa WhatsApp. UNHCR ndiyo inayotambua familia kulingana na mahitaji ya ulinzi, na nchi inayopokea ndiyo inayoamua. Zipo njia nyingine, kama kuungana na familia au ufadhili wa masomo, na kila moja ina utaratibu unaoelezwa hadharani.

Anwani. Angalia anwani ya tovuti hadi kwenye mshazari wa kwanza baada ya jina, yaani alama hii: /. Kinachokaa mara kabla ya alama hiyo ndicho kinachoonyesha mwenye tovuti. Katika help.unhcr.org/uganda, kinachokaa kabla ya mshazari ni unhcr.org, kwa hiyo ni ya UNHCR. Ukikuta kitu kama unhcr.org.jina-jingine.com/fomu, mfano tuliotunga wenyewe, mwenye tovuti ni huyo "jina-jingine.com". Neno unhcr limewekwa mbele ili likuvute. Barua pepe za wafanyakazi wa UNHCR nazo huishia na @unhcr.org.

Chanzo cha pili. Tangazo la kweli haliishi kwenye WhatsApp peke yake. Litakuwa kwenye ubao wa matangazo, kwenye tovuti ya ofisi, au mwenyekiti wa kijiji atakuwa ameambiwa. Ukikosa mahali pengine hata pamoja, usilisambaze.

Karatasi zinazohusu kesi yako: tafuta mtu

Kuna maandishi ambayo hayafai kuachiwa simu. Maelezo ya kuomba hifadhi, barua ya uamuzi, rufaa, na fomu ya kutia saini ni baadhi yake.

Mfano umetokea Marekani. Mwaka 2020 mkalimani wa lugha za Afghanistan alikutana na mkimbizi mwanamke anayesema Kipashto ambaye mahakama ilikuwa imemnyima hifadhi. Sababu ilikuwa kwamba maandishi yake hayakulingana na alichosema kwenye usaili. Kwenye usaili alieleza kwamba tukio fulani lilimpata akiwa peke yake. Kwenye maandishi ilionekana kwamba alikuwa na watu wengine. Yalipochunguzwa, ikagundulika kwamba tafsiri ya mashine ilikuwa imegeuza "mimi" kuwa "sisi". Neno moja lilitosha kumfanya aonekane mwongo.

Fikiria sasa "ndugu" anayegeuka kaka, "yeye" anayegeuka mwanamume, na Furaha asiyekuwa mtu tena. Ofisa anayesoma faili hajui kwamba simu ndiyo iliyokosea. Anaona tu hadithi mbili.

Hapa Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtu aliyekataliwa siku 30 tangu alipopewa taarifa ya uamuzi ili akate rufaa. Barua hiyo huja kwa Kiingereza. Tumia simu kuelewa haraka inahusu nini, ili usiiweke kabatini mwezi mzima ukidhani ni karatasi ya kawaida. Kisha ipeleke siku hiyohiyo kwa shirika linalotoa msaada wa kisheria au dawati la ulinzi, uombe mkalimani. Unayo haki ya kuomba mkalimani wa lugha unayoielewa kwenye usaili. Ukiona hamsikilizani naye, sema mapema, kabla usaili haujaendelea.

Na jambo la usiri: unachobandika kwenye programu ya bure kinaweza kuhifadhiwa na kampuni inayoiendesha. Ukitaka kutafsiri barua yenye jina lako, namba ya familia, namba ya kesi au picha ya kitambulisho, ondoa au ziba sehemu hizo kwanza. Historia ya yaliyokupata, majina ya waliobaki nyumbani na mahali walipojificha usiviweke humo hata kidogo.

Hatua sita kabla ya kutuma kwa wengine

1. Tunza picha au kiungo cha tangazo la asili. Ukituma tafsiri, tuma na asili yake.
2. Linganisha kwa macho yako namba, saa, tarehe na majina kati ya asili na tafsiri.
3. Tafuta maneno ya "huenda", "kabla ya", "isipokuwa" na "si". Usipoyaelewa, uliza.
4. Angalia anwani ya tovuti na tarehe ya ukurasa.
5. Litafute tangazo mahali pa pili: ubaoni, kwenye tovuti ya ofisi, au kwa mwenyekiti.
6. Ukituma, andika juu: "Hii ni tafsiri ya simu, haijahakikiwa." Maneno hayo machache yanampa mwenzako nafasi ya kufikiri.

Ninyi mnaotafsiri kwa ajili ya wengine

Kila kijiji kina mtu ambaye wengine humpelekea simu: mwanafunzi wa sekondari, mwalimu, mjumbe wa vijana, muuza vocha. Kama ni wewe, kazi yako ina uzito kuliko unavyoonekana. Mama mzee hataona maandishi ya asili. Ataona uso wako. Mwambie palipo wazi, na palipo na shaka mwambie kwamba pana shaka. Kusema "hapa sijaelewa, twende tukaulize" hakumpunguzii mtu heshima.

Mashine nazo zinafundishwa na watu kama wewe. Watafiti wa Kiafrika waliojiunga katika Masakhane wanatengeneza teknolojia kwa lugha za bara hili. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hupokea sauti za watu wa kujitolea wanaosoma sentensi za Kiswahili, Kinyarwanda, Kiganda na lugha nyingine. CLEAR Global, iliyojulikana zamani kama Translators without Borders, imekusanya sentensi za Kiswahili cha Kongo ili mashine nazo zikisikie. Kadiri Kiswahili cha Uvira na Bunia kitakavyoandikwa na kurekodiwa, ndivyo muganga atakavyorudi kuwa daktari.

Mpaka siku hiyo, simu ikutafsirie, kisha uulize. Ukiwa na tangazo usilolielewa, au ukishuku kwamba ni la wizi, lipeleke kwenye dawati la msaada la Ofisi ya Waziri Mkuu au la UNHCR kwenye makazi yako, au piga namba ya bure iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nenda na simu yenye ujumbe wa asili, usiufute. Kuuliza ni bure, na jibu utakalopewa wewe linaweza kuwasaidia wote walio kwenye kundi lile la WhatsApp.